Kusoma Kiatu: Historia ya Ujuzi wa Ngozi katika Soko la Mitumba la Bunia

1.0 Utangulizi

Katika soko la Bunia, makao makuu ya Jimbo la Ituri, kuna swali fupi ambalo mnunuzi humwuliza muuza viatu: "Papa, hii ni ngozi?" Jibu, aghalabu, huwa fupi zaidi: "Ngozi kabisa, Mwalimu." Muuzaji hakusema uongo, hata hivyo mnunuzi hakupata ukweli wote. Baina ya swali hilo na jibu lake pana historia ndefu ya mavazi, ya viwanda na ya lugha, na historia hiyo ndiyo makala haya yanayokusudia kuieleza.

Huenda msomaji akastaajabu kuona viatu vya mitumba vikijadiliwa katika jarida la taaluma za Kiswahili. Mwandishi wa makala haya alikuwa na mawazo hayo hayo mpaka siku alipotakiwa kuitetea tasnifu yake. Alinunua sokoni jozi nyeusi ya viatu vya kamba, visivyo na dalili ya kuvaliwa: soli safi, bitana safi, mng'aro wa kioo. Kabla hajaufikia mlango wa ukumbi, soli zilianza kumeguka kama mkate mkavu, naye akaitetea tasnifu ya historia akiwa ameacha makombo meusi sakafuni. Aibu ilipita, lakini swali lilibaki: ilikuwaje mtu aliyefunzwa kuhakiki nyaraka za kale ashindwe kuhakiki kitu alichokishika kwa mikono yake miwili?

Dai letu ni kwamba kiatu cha mtumba ni waraka. Kina tarehe, kina asili, kina maandishi, na kina hila zake. Anayekinunua bila kuijua historia iliyokileta hukisoma kwa bahati nasibu.

2.0 Kiatu na hadhi katika Ituri

Neno kiatu ni la Kibantu; Wakikuyu nao husema kĩratũ. Kandokando yake Kiswahili cha pwani kiliyaweka majina ya vazi la mguu yaliyotofautisha aina na daraja: ndara, makubadhi, mitalawanda ya mti, na sapatu, neno lililotokana na Kireno. Lingala nayo imelipokea neno hilo la Kireno kwa umbo la sapato. Kwa hiyo hata kabla ya karne ya 20 kiatu kilikuwa kimekwisha kuwa alama ya mahali mtu alipotoka na ya cheo alichodai.

Kiswahili kiliingia Ituri kwa miguu, na mingi ya miguu hiyo ilikuwa mitupu. Kilikuja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe waliofungamana na Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, na kilikuja pia na wapagazi wa Zanzibar walioongozwa na Henry Morton Stanley kuupita msitu wa Ituri mwaka 1887 hadi ukingo wa Ziwa Albert. Dhahabu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903, na hatimaye kampuni ya machimbo ya Kilo-Moto ilipoundwa mwaka 1926, maelfu ya watu walikusanywa katika kazi iliyohitaji lugha moja. Kiswahili kikawa lugha ya mgodi, ya barabara na ya soko.

Katika Kongo ya Wabelgiji viatu vya ngozi vya kufunga kamba vilikuwa sehemu ya mavazi ya karani, mwalimu na mwuguzi. Serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1948 kadi iliyoitwa carte du mérite civique, na mwaka 1952 utaratibu wa kuwasajili Waafrika waliohesabiwa kuwa "wameendelea". Aliyeomba hadhi hiyo alipimwa hata kwa jinsi alivyoishi nyumbani mwake. Patrice Lumumba, akiwa mtumishi wa posta huko Stanleyville, alikuwa miongoni mwa waliosajiliwa. Katika mazingira hayo kiatu kilichong'aa kilikuwa ushahidi uliotolewa mbele ya mamlaka yenye shaka.

Baada ya uhuru maana ya mavazi ilibadilika tena. Chini ya siasa ya uhalisi ya Mobutu, suti na tai za Kizungu zilipigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vazi la abakosti likashika nafasi yake. Marufuku hayo yaliondolewa katika hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990. Wakati huo huo vijana wa Kinshasa na Brazzaville walikuwa wameufanya umaridadi kuwa kama dini. Mwanamuziki Papa Wemba (1949–2016) alikuwa mmoja wa vinara wao, na viatu vya J.M. Weston, kampuni ya Kifaransa iliyoanzishwa Limoges mwaka 1891, vilitajwa kwa heshima kubwa. Kwa hiyo suti iliruhusiwa tena katika nchi ambayo tayari ilikuwa na watu waliojua kutofautisha kiatu na kiatu.

Lakini ruhusa ya kuvaa suti ilikuja wakati uwezo wa kuinunua ulipokuwa ukitoweka. Uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993 uliharibu maduka na viwanda katika miji mingi ya Zaire, na mfumuko wa bei ukaimeza mishahara. Kisha vikafuata vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003. Mwezi Mei 2003 mapigano yaliutikisa mji wa Bunia wenyewe, watu wengi wakakimbia, na jeshi la Ulaya likaingia mwezi Juni kwa operesheni iliyoitwa Artemis. Mtu anayekimbia usiku hachagui viatu. Aliyerudi akitaka kusimama tena mbele ya darasa, kanisani au mahakamani alihitaji vazi la heshima kwa bei ya mtu aliyepoteza kila kitu. Mahali pa kulipata palikuwa sokoni, kwenye rundo la mitumba.

3.0 Majina ya rundo

Tukiyachunguza majina ambayo Waafrika wameyapa mavazi yaliyokwisha tumika, tunaona kwamba kila jamii imetaja jambo tofauti. Kiswahili kinasema mitumba, yaani mizigo iliyofungwa. Jina linatokana na robota, wala si na nguo. Waganda nao husema mivumba, kwa maana inayokaribiana na hiyo. Wabemba wa Zambia husema salaula, wakimaanisha kuchakura katika rundo ili kuchagua. Kinshasa hutumika tombola bwaka: inua, tupa. Tanzania miaka ya nyuma ilikuwa na neno kali zaidi, kafa Ulaya, kana kwamba mwenye nguo hangeiacha ila kwa kufa. Na Waghana wana jina lenye wazo hilo hilo.

Majina hayo yanatuonyesha hatua tatu za biashara. Mtumba ni bidhaa ikiwa bado imefungwa, na mwenye kuinunua hajui kilichomo. Salaula na tombola bwaka ni bidhaa ikiwa imefunguliwa na mkono wa mnunuzi ukiwa kazini. Kafa Ulaya ni swali kuhusu mwenye mali wa kwanza. Ni hatua ya pili, ya mkono na jicho, inayotuhusu hapa.

Biashara yenyewe si ngeni kwa Kongo. Karen Tranberg Hansen, katika kitabu chake Salaula cha mwaka 2000, ameonyesha kwamba enzi za ukoloni nguo zilizotumika zilivuka kutoka Kongo ya Wabelgiji kwenda Rhodesia ya Kaskazini. Kwa upande wa Ituri, mwelekeo wa leo ni wa mashariki: mizigo hushushwa katika bandari za Bahari ya Hindi, hupanda hadi Kampala, na kutoka huko huingia kwa njia ya Mahagi, kwa njia ya Kasindi na Beni, au kwa kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi. Kila kituo kina mchaguzi wake. Madhali kilicho bora huweza kutolewa kabla ya kufika mwisho wa njia, mnunuzi wa Bunia anapaswa kuwa msomaji makini kuliko mnunuzi wa Kampala.

4.0 Kwa nini si kiatu kipya cha hapa?

Swali hili ni la haki, kwani Afrika ya Mashariki na Kati haikosi ngozi. Nyanda za juu za Ituri zina ng'ombe. Kule Njombe, kampuni ya miwati ya Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilipanda miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kulainishia ngozi. Kenya ilikuwa na kiwanda cha Bata huko Limuru. Hata hivyo, kuwa na malighafi si kuwa na kiatu.

Mfano wa Morogoro unafundisha. Katika miaka ya 1970 kilijengwa huko kiwanda kikubwa cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia. Mpango ulikuwa kutosheleza soko la Tanzania na kupeleka Ulaya robo tatu ya jozi milioni 4 zilizotarajiwa kila mwaka. Kiwanda hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Kwa kinaya cha historia, katika miaka hiyo hiyo, baada ya biashara ya nje kulegezwa mwaka 1984, viatu vilivyovaliwa na Wazungu vilikuwa vikiingia Tanzania kwa wingi. Njia iliyokusudiwa kupeleka viatu Ulaya ikawa njia ya kuvileta.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda iliongeza ushuru kwa kiasi kikubwa. Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuyasimamisha mavazi ya Rwanda katika msamaha wa kodi uliokuwapo chini ya sheria ya AGOA. Nchi nyingine zililegeza msimamo. Hatuna nia ya kuamua hapa kama marufuku yale yalifaa. Inatosha kusema kwamba, wakati mjadala huo ukiendelea katika mabaraza, mwalimu wa Bunia bado anahitaji viatu vya Jumatatu.

5.0 Ngozi si ile ile

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kudhani kwamba ngozi ni kitu kimoja kisichobadilika. Ngozi ya ng'ombe ina tabaka la uso, ambamo nyuzi zimesongamana na vitundu vya vinyweleo huonekana, na tabaka la chini ambalo nyuzi zake zimelegea. Mashine za kupasulia ngozi ziliwezesha ngozi moja kugawanywa kuwa mbili au zaidi. Tabaka la chini, likipakwa rangi nzito au utando wa plastiki na kugandamizwa chapa ya vinyweleo vya uongo, hufanana na la juu machoni pa asiyejua. Nalo ni ngozi, hapana ubishi. Lakini nguvu yake si ile.

Mwaka 1884 Augustus Schultz alipata hataza ya kulainisha ngozi kwa chumvi za kromu badala ya magome. Kazi iliyochukua majuma na miezi sasa ilikamilika kwa muda mfupi sana, na ngozi laini ya viatu ikapatikana kwa wingi. Kushona nako kulibadilika. Lyman Blake alipata hataza ya mashine ya kushonea soli mwaka 1858. Baadaye ikaja njia inayoitwa Goodyear, ambayo soli hushonwa kwenye ukanda uliozunguka kiatu, hivyo fundi aweza kuibandua na kuweka nyingine. Katika karne ya 20 gundi ilichukua nafasi ya uzi katika viatu vingi, na soli za poliyurethani zikachukua nafasi ya ngozi na mpira.

Hapa ndipo ilipo siri ya makombo yaliyotajwa katika utangulizi. Poliyurethani ya namna fulani huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa. Kiatu kilichokaa kabatini Ulaya miaka 10, kisha kikafungwa ndani ya mtumba na kuvuka bahari, chaweza kuonekana kipya kabisa ilhali soli yake imekwisha kufa. Katika soko la mitumba, kutovaliwa si sifa ya kutosha. Huenda hata ikawa onyo.

6.0 Uhakiki wa kiatu

Mwanafunzi wa historia hufundishwa kuhakiki waraka kwa nje, yaani asili na tarehe yake, kisha kwa ndani, yaani yale unayoyasema. Kiatu nacho kikubaliwe utaratibu huo.

Kwa nje, tuanze na alama. Amri ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1994, iliyoanza kutumika mwaka 1996, inalazimisha viatu viwe na michoro ya kueleza sehemu tatu: sehemu ya juu, bitana pamoja na soli ya ndani, na soli ya nje. Umbo la ngozi iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Umbo hilo likiwa na msambamba ndani yake ni ngozi iliyopakwa utando. Wavu ni kitambaa. Msambamba peke yake ni kitu kingine. Kwa mujibu wa amri hiyo, ngozi iliyopakwa utando ni ile ambayo utando wake unazidi milimita 0.15 lakini hauzidi theluthi moja ya unene wote, na ngozi iliyosagwa kisha ikagandishwa tena haina haki ya kuitwa ngozi. Mchoro mdogo uliofutika nusu, chini ya soli au kwenye ulimi, unaweza kumwambia mnunuzi mengi kuliko kiapo cha muuzaji. Kukosekana kwake si ushahidi wa ubaya: huenda kiatu ni cha kabla ya 1996 au hakikuuzwa Ulaya.

Maandishi nayo yasomwe kwa uangalifu. Vero cuoio, yanayoonekana chini ya viatu vya Kiitaliano, yanaisifu soli tu. Hayasemi lolote kuhusu sehemu ya juu. Mnunuzi wa Bunia, ambaye Kifaransa humwezesha kuelewa cuir, asiache neno hilo moja limjaze imani juu ya kiatu kizima.

Kwa ndani, ushahidi mkuu ni mikunjo. Kiatu kikunjwe taratibu pale vidole vinapopindia. Ngozi ya uso hutoa mikunjo midogo, mingi, inayotoweka mkono ukiachia. Ngozi iliyopakwa utando mzito hutoa mikunjo michache, mikubwa, kama ya karatasi nene, na katika mikunjo hiyo ndimo utando huanza kupasuka na kuchubuka. Vitundu vya vinyweleo vikiwa na mpangilio usio sawa, ni vya mnyama. Vikijirudia kama maua ya kitenge, ni vya mashine. Upande wa chini wa ulimi, mahali ambapo aghalabu hapapakwi rangi, huonyesha nyuzi zenyewe au kitambaa kilichofichwa. Soli ibonyezwe kwa ukucha na kukunjwa: ikiwa inanata, au ina nyufa nyembamba pembeni, irudishwe mezani hata kama inang'aa.

Dawa ya viatu ni mhariri asiye mwaminifu. Ikipakwa kwa wingi huziba nyufa na kufanya vitu vitatu tofauti vionekane kimoja. Kitambaa chenye maji kidogo hutosha kuanza kuifunua. Mshono nao uhojiwe, kwani viatu vingine vya gundi huchorwa mshono wa bandia kwenye ukingo wa soli. Mshono wa kweli wa ukandani huonekana pia upande wa chini, isipokuwa pale ulipofichwa ndani ya mfereji. Fundi viatu aliyekaa pembeni mwa soko huutambua kwa kugusa.

Lipo jaribio moja linalopendwa sana, nalo ni la kiberiti. Muuzaji huchoma kipande kidogo au uzi uliochomoza, harufu ya nywele zilizoungua ikatoka, na mnunuzi akaridhika. Jaribio hilo si la uongo, ila hujibu swali jingine. Moto unathibitisha kwamba kitu kilitoka kwa mnyama. Hauthibitishi kimetoka tabaka gani. Tabaka la chini kabisa linaungua kwa harufu ile ile.

7.0 Neno moja kwa vitu vitano

Sasa twaweza kurejea kwenye swali la soko. Kwa nini jibu "ngozi kabisa" linaweza kuwa kweli na bado likampoteza mtu? Sehemu ya sababu ni ya kileksika. Kifaransa kina peau kwa kilicho mwilini na cuir kwa kilicho kiwandani. Kiswahili kina ngozi kwa vyote viwili. Upana huo una uzuri wake katika ushairi na methali, lakini katika biashara humpa nafasi mwenye kujua amzidi asiyejua. Anayeuliza kwa neno pana hujibiwa kwa neno pana.

Tunapendekeza, basi, kwa wanaleksikografia na zaidi kwa wasemaji wenyewe, istilahi chache zitakazoeleweka pasipo kamusi: ngozi ya uso, kwa tabaka la juu ambalo halikukwanguliwa, ngozi ya uso uliosuguliwa, kwa ile iliyopigwa msasa na kupakwa rangi, ngozi ya tabaka la chini, ngozi ya unga, kwa mabaki yaliyosagwa na kugandishwa, na ngozi bandia, neno ambalo tayari lipo. Hatudai kwamba istilahi huleta haki sokoni. Tunadai kwamba mnunuzi anayeweza kuuliza, "Papa, ni ngozi ya uso au ya tabaka la chini?" amekwisha kupunguza pengo baina yake na muuzaji, naye muuzaji mwaminifu amepata njia ya kutenganishwa na wengine.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ujuzi wa kupima ngozi ya kiatu cha mtumba haukuzuka sokoni kwa ghafla. Umejengwa juu ya historia ya hadhi katika Kongo, juu ya kushindwa kwa baadhi ya viwanda vyetu, na juu ya mabadiliko ya teknolojia yaliyofanyika mbali bila sisi kushauriwa. Wenye ujuzi huo leo ni mafundi viatu na wauzaji, na wengi wao hawajaandikwa na mtu yeyote. Idara zetu za historia na za lugha zingefanya vyema kuwapeleka wanafunzi wakakae nao, wakusanye maneno yao na hukumu zao, kabla ya wazee wa kazi hiyo kutoweka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mitumba imeitia methali hiyo majaribuni, kwani katika rundo kizuri na kibaya hutembezwa pamoja, vimepakwa dawa ile ile. Mwandishi wa makala haya bado hununua viatu vyake katika soko hilo hilo. Jozi aliyo nayo sasa ilikuwa imevaliwa sana ilipofika mkononi mwake, ina mikunjo midogo isiyo na idadi, na imekwisha kubadilishwa soli mara mbili.